Muwa, Salamanda na Mzigo wa Neno "Kiungo"

Neno "kiungo" limetumikishwa kupita kiasi. Mpishi hulitaka jikoni akimaanisha iliki, bizari na mdalasini. Kocha wa kandanda hulitaka uwanjani akimaanisha mchezaji wa katikati. Daktari hulitumia kwa goti lililovimba, kisha hulitumia tena, bila ya kubadilisha hata herufi moja, kwa mguu mzima ambao goti hilo limo, na pia kwa ini na figo. Katika mazungumzo ya kila siku uwingi huu wa maana hauna madhara, kwani muktadha huondoa utata. Madhara huonekana pale Kiswahili kinapotakiwa kusimulia jambo ambalo ndani yake maana mbili za neno hilo hukutana katika sentensi moja, na ni nadra kupata mnyama anayelazimisha mkutano huo kama salamanda.

Mathalani, mtu akitaka kueleza kwa Kiswahili jaribio la kawaida kabisa katika maabara za biolojia, atajikuta akiandika hivi: "Kiungo cha salamanda kilikatwa kwenye kiungo, na baada ya muda kiungo kikaota upya pamoja na kiungo chake." Sentensi hii haina kosa la kisarufi. Maneno yake yote yamo kamusini. Hata hivyo, msomaji akiimaliza hajui kilichokatwa ni nini, kilikatwa wapi, wala kilichoota ni kipi. Lugha imesema bila ya kueleza.

Wapo watakaouliza salamanda anawahusu nini wapenzi wa Kiswahili nchini Kenya. Swali hilo lina haki yake. Salamanda si mnyama wa Afrika Mashariki. Kundi lao lina zaidi ya spishi 700, na karibu wote huishi Amerika, Ulaya na Asia. Barani Afrika hupatikana kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Aljeria na Tunisia. Kwa umbo hufanana na mjusi, na si ajabu mtu wa pwani akimwona amwite mjusi wa majini. Lakini hana magamba, ngozi yake ni laini yenye unyevu, na ukoo wake ni ule wa chura. Asiye na mnyama nyumbani kwake hana jina la asili la mnyama huyo. Hilo halina aibu yoyote. Aibu ingekuwa kukosa maneno ya goti na kiwiko, ambavyo kila Mswahili anavyo. Hapo ndipo salamanda anapokuwa kipimo kizuri: ugeni wake unamzuia msemaji kujificha nyuma ya mazoea, na mwili wake unamdai maneno ya mwilini mwake mwenyewe.

Na ni mwili wa kustaajabisha. Miongoni mwa wanyama wa miguu minne, salamanda ndiye anayejulikana kwa kuotesha upya mkono au mguu mzima hata akiwa amekwisha komaa. Lazzaro Spallanzani, padri na mwanasayansi wa Italia, aliyatangaza matokeo ya majaribio yake juu ya jambo hilo mwaka 1768, na tangu hapo wataalamu hawajaacha kumkata na kumtazama. Anayetumika zaidi leo ni aksolotli, salamanda wa Meksiko ambaye makao yake ya asili yamebakia katika mifereji ya Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico City, na ambaye hukabiliwa na hatari ya kutoweka kabisa porini ilhali maabara za dunia zimejaa jamaa zake. Aksolotli hubakia na umbo la utotoni maisha yake yote, mashavu ya kupumulia majini yakiwa bado yananing'inia nje ya kichwa chake.

Basi na atazamwe. Bega la salamanda halina mtulinga. Kifuani ana mabamba mawili mapana ya gegedu, moja la kushoto na moja la kulia, yanayopishana na kuteleza moja juu ya jingine anapotembea. Mfupa wa juu wa mkono haushuki chini kama wa ng'ombe au wa mbwa. Humtokea ubavuni kwa mlalo, mithili ya kasia la mtumbwi. Kwenye kiwiko mkono hupinda, na kigasha hushuka hadi ardhini. Kwa sababu hiyo hatua yake haitoki mkononi pekee. Mwili wote hujipinda kushoto na kulia kama wa samaki, na mfupa wa juu hujizungusha ndani ya bega huku ukirudi nyuma. Nyuma nako, nyonga imeshikizwa kwenye pingili moja tu ya uti wa mgongo, paja nalo hutoka kwa mlalo, kisha goti hupinda na muundi kushuka.

Kigasha chake kina mifupa miwili iliyoachana, kama ya binadamu. Jambo hili linafaa kutiliwa mkazo kwa sababu wanafunzi wengi wamewahi kumpasua chura darasani, na katika chura mifupa hiyo miwili imeshikamana ikawa mmoja, na ya muundi vivyo hivyo. Anayetaka kuuona mkono wa kale wa wanyama wa miguu minne ukiwa bado na vipande vyake vimetengana, salamanda atamfaa kuliko chura. Baada ya kigasha huja kilimbili, mahali penye vipande vidogo vidogo, aghalabu saba au nane, vilivyopangwa kama mawe ya sakafu. Kisha vidole: vinne mbele, na kwa kawaida vitano nyuma. Viwili vya kwanza vya mbele hukalia kipande kimoja kwa pamoja, mpangilio ambao ni alama ya ukoo huu. Isitoshe, salamanda huanza kuumba vidole vya upande wa kidole gumba, ilhali chura, ndege na wanyonyeshao huanzia upande wa pili.

Lakini lililo kubwa liko kwenye ncha za mifupa. Kwa binadamu, ncha za mfupa mrefu huanza kama gegedu, kisha hupata vitovu vyake vya kugeuka mfupa, hata ukubwani gegedu ikabakia utando mwembamba juu ya mfupa mgumu. Kwa salamanda vitovu hivyo havipo. Ncha hubakia kofia nene za gegedu, na katika aksolotli hata vile vipande vya kilimbili hubakia gegedu kwa sehemu kubwa. Goti lake, kwa hiyo, ni gegedu nene ikikutana na gegedu nene. Mwaka 2011 Cosden na wenzake, watafiti wa Marekani, walichapisha uchunguzi wao wa goti la aksolotli. Waliona kwamba nafasi iliyo kati ya mfupa wa paja na ule wa muundi haikuwa uwazi mtupu wenye ute kama inavyochorwa vitabuni, kwani sehemu yake ilijazwa na tishu inayofanana na ile inayoonekana kati ya mifupa ya kiinitete kabla hakijazaliwa. Walipoitoboa gegedu ya mfupa wa paja na kuifuatilia kwa miezi mingi, ilijirekebisha. Gegedu ya mtu mzima hairudi hivyo. Mzee anayelalamikia magoti, akaambiwa ana baridi yabisi, anajua maana ya gegedu isiyorudi hata kama hajawahi kulisikia neno lenyewe.

Mwaka uliofuata, 2012, Lee na Gardiner walichapisha jambo jingine kuhusu mnyama yuyo huyo, nalo linachanganya akili. Aksolotli akikatwa mkono, mkono huota na goti au kiwiko kilichokatwa huumbwa upya chote. Lakini ukiachwa mkono mahali pake, na ncha ya mfupa ikaondolewa kipande ndani yake, kipande kidogo hurudi na kikubwa hakirudi. Mnyama anayeweza kuunda kiwiko kizima hushindwa kuziba tundu ndani ya kiwiko alicho nacho. Hasara kubwa humwamsha, hasara ya wastani humwacha amelala. Wataalamu wanafaidika na kushindwa huko, kwani hapo ndipo wanapoweza kujaribu ni ishara gani za mwilini zinazohitajika ili gegedu irudi.

Sasa na ajitokeze atakayeieleza aya hiyo iliyotangulia kwa neno "kiungo" peke yake. Hataweza, kwa sababu aya nzima inasimama juu ya tofauti kati ya mkono kukatwa na mahali pa mkono kutobolewa.

Kasoro hii haitatibiwa kwa kuongeza orodha ya maneno. Kiswahili kina orodha. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ambayo tangu 2009 imeunganishwa katika TATAKI, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kazi hizo ni hazina, na anayezidharau hajui jasho la leksikografia. Ila kamusi ya istilahi, kwa desturi yake, huanza na neno la Kiingereza upande mmoja na kutafuta mwenzake upande wa pili. Neno likipatikana, kazi imekwisha. Kitu chenyewe hakiitwi mezani. Katika utaratibu huo ni rahisi neno moja la Kiswahili kujibu maneno mawili ya kigeni katika kurasa mbili tofauti, na mtu asitambue hadi siku atakapoandika sentensi yenye yote mawili.

Historia ya salamanda mwenyewe ina kisa kinachofaa hapa. Mwaka 1726 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Scheuchzer, alitangaza kwamba mifupa iliyogeuka jiwe, iliyopatikana Öhningen huko Ujerumani, ni ya mtu mwovu aliyeangamia katika gharika ya Nuhu. Palionekana fuvu na uti wa mgongo. Mikono ilikuwa bado imefunikwa na jiwe. Jina likatangulia kutazama. Jiwe hilo likaishia katika Jumba la Makumbusho la Teylers mjini Haarlem, Uholanzi, na mwaka 1811 Mfaransa Georges Cuvier alipata ruhusa ya kulichonga. Alipochonga, mikono ikatokea, na haikuwa mikono ya mtu. Ilikuwa ya salamanda mkubwa. Karibu miaka themanini na mitano ya kumwita mnyama mtu ilikomeshwa na mtu aliyefanya subira ya kuufukua mkono. (Mnyama huyo angali anabeba jina la Scheuchzer katika orodha za kisayansi, huenda ni heshima, huenda ni adhabu.)

Kiswahili kikiufukua mkono wa salamanda, kitakuta nini? Kitakuta kwamba neno "kiungo", kwa maana ya goti au kiwiko, lina picha isiyolingana na jambo lenyewe. Kuunga ni kuvileta pamoja vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali: mtu huunga kamba, huunga mbao, huunga undugu. Mkono hauumbwi hivyo. Mwaka 1986 Neil Shubin na Pere Alberch walieleza, wakiwatumia salamanda miongoni mwa wanyama wengine, kwamba mifupa ya mkono huanza kama kijiti cha seli zilizosongamana, kijiti ambacho hurefuka, huchanua matawi, na hujigawa vipande. Pale kinapojigawa ndipo panapokuwa kiwiko. Kwanza kuna kimoja, kisha kuna viwili, na kati yao panabaki ukanda wa seli ambazo hazikuwa gegedu ya huku wala ya kule. Ukanda huo ndio uliofanana na tishu iliyokutwa katika goti la aksolotli. Kwa maneno mengine, kiwiko ni mgawanyiko uliosalia kuwa mshikamano. Neno linalosimulia kuunga linasimulia hadithi kwa kuanzia mwisho.

La ajabu ni kwamba Kiswahili kilikwisha kuwa na picha sahihi kabla ya Shubin na Alberch kuzaliwa. Ni picha ya muwa. Muwa ni kijiti kimoja kinachorefuka na kujigawa kwa mafundo, na sehemu iliyo kati ya fundo na fundo ni pingili. Wasemaji wa Kiswahili walipoutazama mwili wakauona muwa: mifupa ya uti wa mgongo wakaiita pingili, vipande vya vidole wakaviita pingili, na pale mguu unapokutana na wayo wakapaita kifundo cha mguu. Msamiati huu haukutafsiriwa kutoka popote. Ulitokana na jicho. Nao unafaa zaidi kwa mkono wa salamanda kuliko neno lililozoeleka, kwa kuwa unasema wazi kwamba kifundo ni mahali katika kitu kimoja kirefu.

Inafaa basi "kifundo" kipandishwe cheo kiwe istilahi ya jumla ya mahali mfupa unapokutana na mfupa: kifundo cha bega, kifundo cha kiwiko, kifundo cha goti, kifundo cha kidole. "Kiungo" kibakie na maana ya sehemu ya mwili yenye kazi yake, uwe mkono au liwe ini, na wapishi na makocha waendelee kukitumia kwa amani. Wala haihitaji kuundwa neno jipya hata moja.

Pingamizi zitakuwapo. Ya kwanza ni kwamba kwa wengi "kifundo" tayari ni kile cha mguu. Hilo halina uzito mkubwa, maadamu wasemaji wenyewe huongeza "cha mguu", dalili kwamba wanajua vipo vingine. Ya pili ni kwamba fundo huleta picha ya uvimbe au kamba iliyokazwa, na mtu mwenye fundo moyoni si mtu mwepesi kupinda. Pingamizi hii ina nguvu. Hata muwa wenyewe huisaidia: katika muwa fundo ni gumu na pingili ni laini, ilhali mkononi ni kinyume, mfupa ni mgumu na kifundo ni gegedu. Lakini istilahi si lazima ifanane na kitu kwa kila upande. Inatosha ifanane pale ambapo kosa lingekuwa na gharama. Ya tatu hutoka kwa wanaopendekeza "ungio", kwa kufuata mfano wa "kimbilio" na "tegemeo", ili neno litaje mahali badala ya kitu. Ni pendekezo la kisarufi lenye heshima zake, na lina faida ya kutaja mahali kweli. Ila limebakia na kosa lile lile la kuunga, na jirani yake "ungo" ana mizigo mingine, kuanzia pepeto la nafaka hadi msichana anayevunja ungo, ambayo mwalimu wa biolojia hataitamani mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili.

Ipo hata pingamizi ya nne, ambayo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba nchini Kenya sayansi husomeshwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo mjadala huu ni anasa ya wanafasihi. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini mbali na Katiba, kuna chumba cha daktari. Mama anayeingia humo akisema "viungo vinaniuma" amesema jambo ambalo laweza kumaanisha magoti, laweza kumaanisha mikono na miguu yote, na daktari aliyesoma kila kitu kwa Kiingereza huanza kubahatisha. Siku matibabu ya gegedu yatakapotokana na yale yanayochunguzwa katika aksolotli, mama huyo atatakiwa kutia sahihi kwamba ameelewa atakachofanyiwa. Ataelewa kwa lugha gani, na kwa neno lipi?

Ndiyo maana wanafasihi hawana ruhusa ya kusubiri wanasayansi. Istilahi huiva ndani ya maelezo marefu, pale mwandishi anapolazimika kulitumia neno mara ishirini katika kurasa tano na kuona kama linashika au linavunjika. Kazi ya kuandika kurasa hizo ni ya watu wa lugha kama ilivyo ya watu wa maabara. Tasnifu ngapi za Kiswahili huishia kuhesabu tamathali za usemi katika riwaya ile ile? Moja kati ya hizo ingetosha kueleza kwa nathari safi jinsi mkono wa mnyama unavyoumbwa, na ingewaachia watunga kamusi kitu cha kupima badala ya kitu cha kukisia.

Sentensi ya mwanzo inaweza kujaribiwa tena kwa msamiati wa muwa: "Mkono wa salamanda ulikatwa kwenye kifundo cha kiwiko, na baada ya muda kigasha na vidole vikaota upya pamoja na kifundo chenyewe." Kilichokatwa kinajulikana, mahali kilipokatwa panajulikana, na kilichoota pia. Linalobakia ni jina la ule ukanda mwembamba wa seli ulio kati ya gegedu na gegedu, ambao katika binadamu hutoweka mapema na katika aksolotli hukaa maisha yote. Muwa hauna neno lake. Wavuvi, mafundi mbao na wasusi wa mikeka huenda wanalo, nao bado hawajaulizwa.